Cheni ya Pikipiki Imechoka: Dalili, Chanzo na Wakati wa Kuitoa

Ombi linalosikika sana kwenye vibanda vya mafundi, kuanzia Busia hadi Arua, ni hili: "Fundi, nikatie pini mbili, cheni imemaliza ajasta." Fundi anashika nyundo na tindo, anatoa pingili mbili, ekseli inarudi mbele, na mwenye pikipiki anaondoka akiamini kazi imekwisha. Ajasta ni bolti zinazovuta ekseli ya gurudumu nyuma ili cheni ikaze; cheni iliyozimaliza kwa kuchakaa imekwisha. Kuikata kunaipunguza urefu tu, hakuirudishii chuma kilicholika.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila mwenye bodaboda anafaa kuijua. Pikipiki nyingi zilizo kwenye steji za Uganda, Boxer na TVS zikiwemo, hutumia cheni ya namba 428. Namba hiyo mara nyingi imepigwa kwenye vibati vya pembeni. Katika cheni ya 428, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni milimita 12.7. Meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayobeba cheni mbele na nyuma, yamechongwa kwa kipimo hichohicho. Watu husema cheni "imevutika", lakini vibati havijavutika. Kilichotokea ni kwamba pini imelika ndani ya bushi yake, kile kibomba cha chuma kinachoizunguka, na bushi nayo imelika. Nafasi ndogo inabaki kwenye kila kiungo. Ukichukua cheni ya pingili 120 ambayo kila kiungo kimelika robo milimita tu, jumla ni milimita 30. Sasa kata pingili mbili: umeondoa milimita 25.4. Kwa macho cheni imerudi kama mpya, ila kila pini bado iko milimita 12.95 kutoka kwa mwenzake, na sproketi inasubiri 12.7. Hapo cheni inapanda juu ya meno badala ya kulala kwenye mabonde yake, mzigo wote unabebwa na meno machache, na sproketi inaanza kuliwa kwa kasi.

Ndiyo maana ulegevu peke yake hauwezi kukwambia kama cheni ni nzima. Ulegevu unaondolewa kwa spana. Kinachosema ukweli ni kipimo cha pini hadi pini.

Kipimo chenyewe

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini imezimwa na funguo umetoa. Hili la funguo usilipuuze hata mara moja, kwa sababu vidole vingi vimepotea kati ya cheni na sproketi wakati injini ikizungusha gurudumu "ili kazi iende haraka". Kama pikipiki yako ina kava ya cheni iliyofungwa kote, toa sehemu ya chini ya kava. Safisha kipande cha cheni kwa mafuta ya taa na brashi laini. Tia gia ya kwanza, kisha sukuma gurudumu la nyuma kwa mkono kuelekea mbele mpaka likatae. Cheni ya chini, yaani sehemu inayopita chini kati ya sproketi mbili, itakazika.

Hesabu pini 21 na upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 itakupa milimita 254. Ikifika 259, muda wake umekwisha. Ni tofauti ya milimita tano tu, kwa hiyo tumia tepu ya chuma au rula ya chuma. Futi ya fundi cherehani huvutika na itakudanganya. Rudia kipimo sehemu tatu au nne za cheni, na sehemu iliyo mbaya kuliko zote ndiyo itoe hukumu. Cheni haichakai sawasawa kote.

Huna tepu? Nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, pale cheni inapogeuka. Shika pingili moja kwa vidole na uivute kuelekea nyuma, mbali na meno. Kwenye cheni nzima haitoki mahali pake. Ikinyanyuka kiasi cha kuona nusu ya jino chini yake, huhitaji ushahidi mwingine.

Kuna njia ya tatu ninayoipenda zaidi kwa mtu anayefanya kazi kila siku. Siku ya kufunga cheni mpya, chora alama ya msumari kwenye mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, mahali ekseli ilipo. Cheni ikirefuka kwa milimita 30, ekseli hurudi nyuma kama nusu yake, yaani milimita 15. Kwa hiyo ekseli ikiwa imeondoka karibu sentimita moja na nusu kutoka kwenye alama yako, unajua uko mwisho bila kutoa hata kava.

Inalegea siku chache tu baada ya kukazwa

Usikimbilie kuihukumu cheni. Angalia nati ya ekseli kwanza. Mafundi wenye haraka hukaza ajasta na kusahau nati kubwa, na gurudumu linateleza kurudi mbele kila ukivuta mafuta kwa nguvu. Dalili yake ni kwamba alama za pande mbili za mkono hazilingani tena, au unaona mkwaruzo mpya pale ekseli ilipohama. Nyuzi za ajasta nazo huisha; ukikaza bolti na inazunguka tu bila kushika, tatizo liko hapo na kinachonunuliwa ni ajasta.

Ekseli ikiwa haijahama na cheni bado imelegea, basi pini na bushi zinalika haraka. Cheni inayohitaji kukazwa kila wiki iko ukingoni. Pima.

Na ukikaza, usikaze kama waya wa gitaa. Hili linaua pikipiki nyingi kuliko kulegea. Pikipiki nyingi ndogo zinataka cheni ya chini icheze juu na chini kama milimita 20 hadi 30 ikipimwa katikati. Kipimo kamili cha pikipiki yako kiko kwenye kitabu chake au kibandiko kilicho karibu na mkono wa nyuma. Kwenye kava iliyofungwa kuna kizibo cha mpira, kitoe upime kwa kidole kupitia tundu. Kumbuka pia kwamba cheni hukazika zaidi pikipiki inapobeba mzigo, maana shokamzoba zikishuka ekseli inasogea mbali na sproketi ya mbele. Cheni iliyokazwa barabara wakati pikipiki iko tupu, ukipakia abiria wawili na gunia la mkaa, inavuta shafti ya giaboksi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Beringi inachoka, sili inaachia, na unaanza kuona oili ikivuja nyuma ya sproketi ndogo. Matengenezo hayo ni ghali kuliko seti nzima ya cheni. Baada ya kukaza, mwombe mwenzako aketi kwenye kiti na uhakikishe cheni bado ina mchezo.

Imekaza hapa, imelegea pale

Zungusha gurudumu polepole ukipima mchezo kila robo ya mzunguko. Ukikuta milimita 15 mahali fulani na 40 mahali pengine, sababu ziko mbili kuu na hutofautishwa kwa uvumilivu kidogo.

Weka chaki kwenye pingili iliyo pale palipokaza, na chaki nyingine kwenye jino la sproketi ya nyuma. Zungusha gurudumu mizunguko kadhaa. Kama sehemu ngumu inatokea kila mara jino lenye chaki linaporudi mahali palepale, kosa liko kwenye sproketi: imepinda, haikukaa katikati, au bolti zake zimelegea. Kama ugumu unafuata pingili yenye chaki, cheni ndiyo iliyochakaa kwa mabaka, kawaida kwa sababu ya kutu iliyoingia sehemu moja pikipiki ilipolala kwenye mvua.

Pingili moja moja zilizokauka unaweza kuziona kwa macho: zinabaki zimekunjwa hata baada ya kupita sproketi. Zioshe kwa mafuta ya taa, zichezeshe kushoto na kulia kwa mikono, kisha tia oili. Zikilainika na zikabaki laini, endelea nayo. Zikirudi kukauka baada ya siku mbili, bushi imekwisha ndani na hakuna oili itakayoiponya. Katika hali hiyo ukikaza kwa kufuata sehemu iliyolegea, sehemu ngumu itakuwa imekaza kupita kiasi. Daima pima na ukaze ukiwa kwenye sehemu iliyokaza zaidi, na kama tofauti ni kubwa, acha kutafuta kipimo cha wastani. Badilisha.

Inaruka meno mlimani

Unapanda kuelekea Kapchorwa, abiria nyuma, unavuta mafuta, ghafla unasikia "tak!" na pikipiki inashtuka. Cheni imeruka jino. Wengine hudhani ni klachi. Klachi inayoteleza haina mlio huo: injini hupanda sauti polepole huku mwendo ukibaki palepale, na hakuna mshtuko. Gia inayojitoa nayo huacha injini ikilia bila kuvuta hadi uirudishe. Cheni ikiruka, nguvu inakatika kwa nukta moja na kurudi kwa kishindo.

Angalia meno ya sproketi ya mbele kabla ya yote. Ina meno machache, kwa hiyo kila jino linagongwa mara nyingi zaidi kuliko la nyuma, na ndiyo inayoisha kwanza. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililoliwa linainama upande mmoja na kuwa kama kulabu. Ukiona hivyo, cheni nayo haiwezi kuwa nzima. Sproketi ikiwa bado nzuri na cheni inaruka, ama imelegea sana ama kipimo cha pini 21 kimepita 259.

Pikipiki inayoruka meno isibebe mtu. Siandiki hivyo kwa kutisha. Cheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kujikusanya kwenye sproketi ya mbele na kupasua ukuta wa injini, au kufunga gurudumu la nyuma ukiwa katikati ya malori ya barabara ya Tororo.

Inatoka mara kwa mara

Kutoka si sawa na kuruka. Cheni inayotoka kwenye sproketi mara nyingi ni suala la mstari: gurudumu la nyuma halijanyooka na sproketi ya mbele. Ushahidi uko kwenye pande za meno. Kama ubavu mmoja wa meno unang'aa kama umepigwa msasa na vibati vya ndani vya cheni vinang'aa upande uleule, gurudumu limekaa mshazari.

Alama zilizochorwa kiwandani kwenye mkono wa nyuma usiziamini sana kwa pikipiki iliyowahi kuanguka au kuchomelewa. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya bolti inayoshikilia mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, upande wa kushoto kisha wa kulia. Vipimo vikilingana, gurudumu limenyooka. Kisha shika tairi la nyuma na ulitikise kushoto na kulia; likicheza, beringi za gurudumu au bushi za mkono zimekwisha, na hutapata mstari hata ukikaza mara mia.

Usisahau klipu ya kiungo cha kuunganishia. Upande wa klipu uliozibika lazima utangulie kule cheni inakoelekea. Kwenye cheni ya juu utazame mbele ya pikipiki, kwenye cheni ya chini utazame nyuma. Ikiwekwa kinyume, kokoto moja inatosha kuing'oa, na hapo cheni nzima na mpya inakatika bila kosa lake.

Inagonga kila ukivuta na kuachia mafuta

Cheni iliyolegea hugonga hivyo, ni kweli. Lakini watu wengi wamenunua cheni mpya wakati ugonjwa ulikuwa kwenye raba zilizo ndani ya habu ya nyuma. Raba hizo hupokea mshtuko kati ya sproketi na gurudumu. Jaribu hivi: tia breki ya nyuma ili gurudumu lisitembee, kisha shika sproketi kubwa na uisukume mbele na nyuma. Ikicheza sana wakati gurudumu limetulia, raba zimesagika. Ni za bei ndogo, na kuziacha kunaichosha hata cheni mpya kwa kuipiga vishindo siku nzima.

Kelele na vumbi jekundu

Mlio mkavu wa kusaga unaotoweka baada ya kutia oili ni kiu tu. Mlio unaorudi siku hiyohiyo ni uchakavu. Unga wa rangi ya kutu unaotoka kati ya vibati ni chuma cha pini na bushi vinavyosagana bila oili; ukiuona kwenye pingili nyingi, cheni imeshaliwa ndani hata kama nje inang'aa.

Mbona yangu imeisha mapema kuliko ya mwenzangu?

Swali hili lina haki ya kujibiwa vizuri, kwa sababu watu wawili hununua cheni moja siku moja na mmoja anarudi dukani mapema mno. Jibu ni kile kinachoingia kwenye pini.

Tororo na Hima kuna saruji na vumbi la chokaa. Likichanganyika na oili nzito linakuwa dawa ya kusagia. Barabara za udongo mwekundu zinafanya vivyo hivyo wakati wa kiangazi, na mvua za Machi hadi Mei zinaosha oili yote na kuacha matope. Kule Kasese, wanaobeba magunia ya chumvi kutoka Ziwa Katwe wana adui mwingine: maji ya chumvi yanayodondoka kwenye cheni yanaleta kutu kwa kasi. Ukibeba chumvi au samaki wabichi, osha cheni kwa maji safi jioni hiyohiyo, ikaushe, uitie oili. Usingoje kesho.

Kuhusu oili, nitasema wazi: oili chafu iliyomwagwa kutoka injini haifai. Imejaa masizi na unga wa chuma, na unaipeleka mahali ambapo chuma kinasuguana na chuma. Grisi iliyopakwa nje nayo haifiki kwenye pini, inabaki juu ikikusanya mchanga. Tumia oili ya gia namba 90. Itie baada ya kazi, cheni ikiwa bado na joto, upande wa ndani wa cheni ya chini, tone kwenye kila kiungo huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Iache usiku kucha, asubuhi futa ya nje kwa kitambaa. Kila kilomita 500 ni kipimo kizuri kwa barabara kavu ya lami. Baada ya kuvuka matope, usihesabu kilomita, tia tu.

Halafu kuna kava. Wengi huing'oa kwa sababu inapiga kelele au inamchelewesha fundi. Kava hiyo inazuia mchanga, na inazuia jambo kubwa zaidi. Mama aliyevaa gomesi ameketi upande, mtoto mapajani, kitambaa kinaning'inia karibu na gurudumu. Cheni ikikamata ncha ya nguo hiyo, hakuna breki itakayowahi. Irudishe kava kabla ya kumrudisha abiria.

Ukishaamua kubadilisha

Nunua seti: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Najua bei inauma, na muuzaji anaweza kukuuzia cheni peke yake ukitaka. Cheni mpya yenye pini za milimita 12.7 ikifungwa juu ya meno yaliyochongwa na cheni iliyorefuka italiwa haraka, na utalipa mara mbili.

Dukani, iwe Kisekka mjini Kampala au duka la kando ya barabara, hesabu meno ya sproketi za zamani na pingili za cheni yako kabla hujalipa. Namba ya pili kwenye boksi, baada ya 428, ndiyo idadi ya pingili. Herufi H inamaanisha vibati vinene zaidi, na kwa mtu wa mizigo inafaa kuilipia. Itoe cheni kwenye boksi. Ishike kwa ubavu, ncha moja mkononi, uinyooshe mlalo: mpya na nzuri hujikaza na haiinami kama iliyochakaa. Ikining'inia kama kamba kabla hata haijafungwa, irudishe kaunta.

Ikishafungwa, itazame tena baada ya siku chache za kwanza. Cheni mpya hulegea kidogo viungo vinapokaana, hiyo si kasoro. Kaza mara hiyo, chora alama yako kwenye mkono, na kutoka hapo mwendo wa kulegea unapaswa kupungua.

Imeanza kuruka na duka liko mbali

Shusha abiria na mzigo, mtafute mwenzako awachukue. Kaza cheni kiasi cha kuondoa ulegevu uliozidi, ukianzia sehemu iliyokaza zaidi, na hakikisha klipu ipo. Kisha endesha polepole, ukivuta mafuta taratibu. Kwenye kilima kikali shuka usukume huku injini ikisaidia kidogo kwa gia ya kwanza. Ikiruka hata kwenye tambarare, zima injini, mwite mwenye pikapu akubebee pikipiki hadi mjini, na ukifika agiza seti nzima, si kukata pini mbili.